Paa la dola 10,000, fidia ya dola 192.50: kisa cha mkaguzi wa nyumba New Jersey

Mwaka 2004 mahakama ya rufani ya jimbo la New Jersey, Marekani, iliamua kesi ambayo kila mmoja wetu anayejiandaa kununua nyumba nchini humo anapaswa kuijua kabla hajashika kalamu. Walioshtaki walikuwa mke na mume, vijana, wakinunua nyumba yao ya kwanza kusini mwa jimbo hilo kwa dola 128,500. Majina yao yamo katika kumbukumbu za mahakama na hapa hayahitajiki. Kinachohitajika ni karatasi waliyosaini siku walipomwajiri mkaguzi.

Kwanza nieleze mkaguzi ni nani, maana wengi wetu tumekulia mahali ambapo mtu akitaka kununua nyumba humchukua fundi anayemwamini, au mjomba aliyewahi kujenga, wakaenda kuitazama pamoja. Marekani kazi hiyo ni biashara kamili. Mnunuzi na muuzaji wakishakubaliana bei, mnunuzi kwa kawaida hupewa siku chache za kuleta mkaguzi wa nyumba kwa gharama yake mwenyewe. Mkaguzi huzunguka kwa saa mbili tatu akiangalia paa, dari, umeme, mabomba, mtambo wa kupasha joto na msingi, kisha huandika ripoti. Ripoti ikionyesha ubovu mkubwa, mnunuzi anaweza kuomba bei ishuke, au muuzaji atengeneze, au ajitoe na kurudishiwa amana yake, kulingana na masharti ya mkataba wa mauzo. Huyu si mthamini anayeletwa na benki. Mthamini anaangalia kama nyumba inafikia thamani ya mkopo. Serikali yenyewe ililazimika kutoa fomu ya kuwaonya wanaochukua mikopo yenye bima ya FHA, idara yake inayozikinga benki kwa mikopo ya nyumba, wasichanganye kazi hizo mbili, kwa sababu watu wengi hudhani mthamini akipitisha nyumba, basi nyumba ni nzima.

Wale wenzi wawili walilipa dola 385. Mkaguzi alikuja na mkataba uliokwisha kuchapwa. Ndani yake kulikuwa na kifungu kinachosema kwamba mkaguzi akikosea, fidia yake haitazidi dola 500 au nusu ya ada iliyolipwa, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Nusu ya 385 ni 192.50.

Mume alianza kuusoma mkataba mbele ya mkaguzi. Alisema mahakamani kwamba baadhi ya maneno yalimchanganya na aliona hayakuwa ya haki. Alipouliza, mkaguzi alimjibu kwamba habadilishi chochote, kwamba huo ndio mkataba wa kawaida kwa ukaguzi wa nyumba New Jersey, na kwamba ama ausaini ulivyo ama basi. Mkaguzi hakukanusha kuyasema hayo. Mume akasaini.

Ninasimama hapo kidogo, kwa sababu watu wakisikia kisa hiki mara nyingi husema, "Si alisaini mwenyewe?" Ndiyo, alisaini. Lakini jiweke katika nafasi yake. Umeshakubaliana bei na muuzaji, benki inasubiri, siku za ukaguzi zinahesabika, na mtu wa paa na umeme amesimama mbele yako na zana zake. Ukimfukuza utatafuta mwingine, na huyo mwingine ataleta karatasi inayofanana na hiyo, kwa maana umeshaambiwa kwamba ndiyo ya kawaida. Kusaini katika hali hiyo si sawa na kuketi na mwenzako mkapatana kipengele kwa kipengele.

Walihamia. Haukupita muda mrefu maji yakaanza kuvuja. Wakaleta fundi wa paa, naye akawaambia paa lina kasoro na kulitengeneza kungegharimu kati ya dola 8,000 na 10,000. Wakawashtaki wauzaji, wakamshtaki na mkaguzi pamoja na kampuni yake.

Ombi la mkaguzi halikuhusu hali ya paa. Aliiomba mahakama itamke jambo moja tu: hata kama alikosea, deni lake haliwezi kuzidi dola 192.50, kwa sababu mkataba unasema hivyo. Jaji wa kwanza alikubaliana naye. Pigeni hesabu wenyewe. Kwa hasara ya dola 8,000, fidia ya 192.50 ni asilimia 2.4. Kwa hasara ya 10,000 haifiki hata asilimia 2.

Mahakama ya rufani ilikikataa kifungu hicho. Hoja zake zinastahili kufuatwa moja moja, maana ndizo zinazotupa kipimo cha kupimia ahadi yoyote ya mkaguzi, iwe imeandikwa katika mkataba au kwenye kipeperushi chenye rangi za kupendeza.

Majaji walianza na namna mkataba ulivyopatikana. Uliandikwa na upande mmoja, ukaletwa kwa masharti ya chukua au acha, na nguvu za pande mbili zilikuwa mbalimbali kabisa: upande mmoja mtaalamu wa kazi hiyo, upande wa pili watu ambao hawajawahi kununua nyumba. Mkataba wa namna hiyo si batili kwa sababu hiyo peke yake. Kila siku tunasaini mikataba tusiyoweza kuibadilisha, ya simu, ya benki, ya basi. Kwa hiyo majaji walikwenda mbele na kuuliza ni jambo gani linalohusika, shinikizo la kiuchumi lilikuwa kubwa kiasi gani, na umma una maslahi gani humo.

Hoja ya pili ndiyo ninayoiona kuwa moyo wa hukumu. Kikomo cha fidia kinaweza kukubalika pale kinapobaki na uwiano fulani na hasara inayoweza kutokea. Kampuni inaweza kusema haitalipa zaidi ya kiasi hiki, na kiasi chenyewe kikawa kikubwa vya kutosha kuifanya iwe makini. Kiasi kikiwa kidogo hadi karibu hakipo, hicho si kikomo tena. Ni msamaha uliotolewa kabla ya kosa. Mkaguzi ambaye kosa lake kubwa kuliko yote litamgharimu dola 192.50 hana sababu ya kifedha ya kupanda ngazi mara ya pili ili ahakikishe. Kila kitu kinabaki juu ya dhamiri yake. Wapo wengi wenye dhamiri njema, lakini mnunuzi hakumlipa mtu ili atumaini dhamiri. Alimlipa ili apate tathmini ya kuaminika kuhusu manunuzi ambayo kwa watu wengi ndiyo makubwa kuliko yote maishani mwao. Kifungu kinachomwondolea mkaguzi wajibu wa tathmini hiyo kinaua kusudi la mkataba wenyewe.

Hoja ya mwisho ilitoka kwa bunge la jimbo. Mwaka 1998 New Jersey ilitunga sheria ya kuwasajili wakaguzi wa nyumba na kuwataka wawe na bima ya makosa ya kitaaluma isiyopungua dola 500,000 kwa kila tukio. Sheria haiwezi kumtaka mtu abebe bima ya nusu milioni kwa ajili ya makosa yake, halafu mahakama ikamruhusu kuandika kwamba makosa hayo yana thamani ya chini ya dola 200. Majaji waliona kwamba kifungu kile kinapingana na sera ya umma, nacho hakikuwa cha haki kiasi cha kutoweza kutekelezwa. Wakaitengua hukumu ya kwanza na kuirudisha kesi chini iendelee. Tuelewane hapo: wenzi wale hawakutoka mahakamani siku hiyo na pesa za paa. Walichopata ni haki ya kumuuliza mkaguzi kama alifanya kazi yake, na jibu lipimwe kwa ukubwa wa hasara yao.

Sasa tuje kwenye matangazo.

Kesi ile ilihusu kifungu cha mkataba, haikuhusu tangazo. Lakini hesabu yake inafichua jambo ambalo nimeona watu wetu wengi wakilipita. Wakaguzi wengi Marekani wanajitangaza kwa dhamana ya kuridhika: usiporidhika, unarudishiwa pesa yako. Ni maneno matamu, na kwa mtu aliyezoea duka lenye tangazo ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, yanasikika kama ulinzi mkubwa. Hebu tuyapeleke kwenye nyumba ile ya New Jersey. Kama mkaguzi yule angekuwa na dhamana ya kurudisha ada yote, wenzi wale wangepokea dola 385 kwa paa la dola 8,000 au 10,000. Ni mara mbili ya kile ambacho majaji walikiita karibu si kitu, na bado haifiki asilimia 5 ya hasara ndogo kabisa. Dhamana ya kurudishiwa ada na kikomo cha fidia ni mtoto mmoja aliyevalishwa nguo mbili. Vyote viwili vinapima kosa la mkaguzi kwa alicholipwa yeye, si kwa ulichopoteza wewe. Kimoja kinaandikwa kwa herufi kubwa kwenye gari la mkaguzi, cha pili kwa herufi ndogo ukurasa wa tatu.

Wakati mwingine dhamana hiyo ni nyembamba zaidi ya hapo. Kuna inayosema kwamba mwisho wa ukaguzi, kama hukuridhika, usilipe. Yaani muda wake unakwisha pale pale uani, mkaguzi akiwa bado anafunga ngazi yake kwenye gari. Wakati huo unachoweza kupima ni adabu yake, maelezo yake, na kama alifika kwa saa. Paa linalovuja utalijua mvua ikinyesha.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila mnunuzi alijue. Mawakili na makampuni ya bima yanayowahudumia wakaguzi huwashauri wasirudishe ada kwa mteja mwenye malalamiko bila kumsainisha hati ya kuachilia madai yote. Kwa hiyo mtu anapiga simu akiwa na hasira, anaambiwa kwa upole kwamba kampuni inaheshimu dhamana yake, anatumiwa hati na hundi ya mia tatu na kitu, anasaini. Wiki mbili baadaye fundi anapandisha makisio kutoka dola 2,000 hadi 9,000, na mlango umeshafungwa kwa saini yake mwenyewe. Ukiletewa hundi ya marejesho, soma kilichoambatana nayo kabla ya kwenda benki. Ukiona maneno ya kuachilia madai, usiisaini mpaka ujue ukubwa wa tatizo lako, na ikibidi mpaka wakili ameisoma.

Dhamana za siku 90 nazo zimeenea sana. Mara nyingi si za mkaguzi mwenyewe. Huzinunua kutoka kampuni nyingine na kuzigawa bure kama nyongeza: siku 90 kwa mitambo na jengo, kinga ya ukungu unaoota ukutani, kinga ya bomba la maji taka, kinga ya paa kwa miaka kadhaa. Uliza siku zinaanza kuhesabiwa lini. Zikianzia siku ya ukaguzi, kumbuka kwamba mkopo wa benki huchukua kama mwezi hadi mwezi na nusu kabla hujakabidhiwa funguo, hivyo theluthi hadi nusu ya muda imeshakwenda nyumba ikiwa bado ya mtu mwingine. Halafu tazama inahusu nini. Nyingi hulipa tu kwa kitu ambacho mkaguzi aliandika kwamba kilikuwa kizima. Kile alichokipita kimya, ambacho ndicho hasa kinachokutia hasara, kinaweza kuwa nje. Na baadhi ya zawadi hizi zina gharama ambayo hailipwi kwa dola: fomu unayosaini inampa mkaguzi ruhusa ya kuwapa namba yako ya simu wauzaji wa ving'ora vya usalama, na simu zinaanza kabla hujafungua masanduku.

Si haki kuzitupa zote katika kapu moja. Chama cha wakaguzi cha InterNACHI kina mpango ambao, kwa wanachama wake walioshiriki, kinaahidi kuinunua nyumba yenyewe kwa bei uliyoilipa ikiwa mkaguzi alipitwa na kitu, mradi uombe ndani ya siku 90 baada ya kukabidhiwa, na nyumba iwe iliuzwa kupitia dalali mwenye leseni. Hiyo angalau inapimwa kwa thamani ya nyumba, si kwa ada ya mkaguzi. Mipaka yake ni kwamba kasoro iwe ilikuwapo siku ya ukaguzi na iwe ni kitu ambacho viwango vya chama vinamtaka mkaguzi akiangalie. Na mtu mwenye watoto waliokwisha kuandikishwa shule ya jirani huenda anataka paa litengenezwe, hataki kuhama tena. Hata hivyo, ukilinganisha na marejesho ya dola 385, hii ni ahadi ya aina nyingine kabisa.

Hapo kwenye viwango ndipo wanunuzi wengi huumia. Ukaguzi wa kawaida ni wa macho. Mkaguzi hafungui ukuta, hahamishi kabati, na chini ya viwango vya vyama vyao halazimiki kutembea juu ya paa wala kukuambia limebakiza miaka mingapi. Tangazo linaweza kusema kwamba nyumba itakaguliwa kutoka paa hadi msingi, na ripoti ikasema kwamba paa lilitazamwa kutoka chini kwa darubini. Yote mawili ni kweli kwa namna yake. Muulize mkaguzi kabla ya kumwajiri: paa utalipanda, utatumia droni, au utalitazama ukiwa ardhini? Jibu la swali hilo lina faida kwako kuliko dhamana yoyote ya kuridhika.

Je, sheria inasemaje kuhusu neno lenyewe la dhamana katika matangazo? Tume ya biashara ya serikali kuu, FTC, ina miongozo ya mwaka 1985 inayosema kwamba muuzaji asitangaze dhamana ya kuridhika au ya kurudisha pesa isipokuwa yuko tayari kurudisha bei yote mteja akiomba, na kama kuna masharti makubwa, yaonekane wazi katika tangazo. Miongozo hiyo imeandikwa kwa ajili ya bidhaa, lakini kipimo chake kinafaa hapa: ukiomba, unapewa yote, na masharti hayafichwi. Ona pia kisichosemwa. Haimlazimishi mtu kulipa hasara yako. Inamlazimisha kutimiza alichotangaza, na alichotangaza ni ada.

Kuhusu vikomo vya fidia, hukumu ya New Jersey inafika New Jersey tu. California inalo katazo la wazi katika sheria yake: kifungu kinachoweka kikomo cha fidia kwenye gharama ya ukaguzi ni batili, na mnunuzi ana hadi miaka minne tangu siku ya ukaguzi kushtaki. Ajabu ni kwamba California haiwapi wakaguzi leseni. Texas inawapa, na ilianza mapema, miaka ya 1980. Katika baadhi ya majimbo mengine vifungu vya namna ile vinaendelea kutumika na majaji huvikubali. Ndugu aliyeko mji wa jimbo jingine, Houston au Columbus, asichukue kesi hii akadhani mkataba wake umeshafutwa.

Sijamgusa dalali bado, naye ndiye soko kuu la mkaguzi. Mnunuzi hununua nyumba mara moja au mbili maishani, dalali huuza kila mwezi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jitihada za mkaguzi haimwelekei mnunuzi. Inaelekea ofisi ya madalali: vipeperushi, vitafunwa vya asubuhi, mafunzo mafupi ya bure, nafasi katika orodha ya watu wanaopendekezwa. Sheria ya mwaka 1974 iitwayo RESPA inakataza kulipana kwa kuletewa wateja katika mauzo yenye mikopo ya nyumba iliyo chini ya serikali kuu, lakini haikatazi urafiki. Dalali hulipwa mauzo yakikamilika, na mkaguzi anayevunja mauzo mara kwa mara anaweza kujikuta hayumo tena katika orodha. Massachusetts imeliona hilo, na inamzuia dalali anayefanya kazi ya muuzaji kumpendekezea mnunuzi mkaguzi fulani. Kwingine kinga ni wewe mwenyewe kutafuta jina nje ya orodha hiyo.

Mkaguzi naye ana upande wake, na haufai kudharauliwa. Kwa dola mia chache hawezi kuwa bima ya nyumba nzima, na angekubali kubeba kila kitakachoharibika, ada ingepanda hadi watu wa kipato cha chini waache kabisa kukagua. Hilo lingekuwa baya zaidi. Lakini bima ya makosa ya kitaaluma ipo kwa ajili hiyo hiyo: inagawanya mzigo kati ya wakaguzi wengi na wateja wengi, ili kosa moja lisimfilisi mtu mmoja wala kumwacha mwingine chini ya paa linalovuja. Swali, basi, si kama mkaguzi anakuahidi furaha. Muulize kama ana bima hiyo, ya kiasi gani, na kama unaweza kuona cheti chake.

Omba pia mkataba kwa barua pepe siku moja kabla, si siku ya ukaguzi. Tafuta kifungu chenye tarakimu ya dola au maneno "ada iliyolipwa". Uliza kama kinaweza kuondolewa au kupandishwa, hata kwa kuongeza ada. Wapo wanaokubali kukipandisha, na anayekataa angalau amekujibu ukiwa bado na muda wa kumpigia mwingine. Na kama Kiingereza cha mkataba kinakushinda, mtafute mtu wa kukusomea jioni hiyo. Mkaguzi mwema hataona vibaya.